Chupa ya Shemeji

Miaka miwili nimekunywa dawa ya mizizi ya shemeji yangu, chungu kama shubiri, kwa sababu mkojo ulikuwa unatoka tone kwa tone. Dada yake, yaani mke wangu, alinisihi niende hospitali. Shemeji akacheka: "Mwanamume mzima, ukapekuliwe tezi dume? Kunywa!"

Leo asubuhi nimekojoa damu, nikakimbilia hospitali. Kwenye benchi la wanaopimwa tezi nikamkuta shemeji, mkononi kadi iliyojaa mihuri ya miaka mitano.

Hasira zikanipanda. "Na mizizi yako je?"

Akainamisha macho. "Ile ni ya wateja."

"Mimi ni mume wa dada yako!"

"Ndiyo maana chupa yako niliijaza mpaka mdomoni."