Pole Niliyomwandikia Mwalimu

Jumamosi hiyo, wasomaji waheshimiwa, mimi Kizito, mwenyekiti wa mizaha wa Bweni la Nne kwa kujiteua mwenyewe, nilijilaza baada ya chakula cha mchana nikiwa na uzito moyoni ambao sikutaka kuuchunguza. Mpishi wetu, Mama Nasambu, alikuwa amefiwa na mumewe. Mwalimu Mwakipesile, mgeni kutoka Mbeya, aliniomba nimwandikie maneno ya kumpa pole kwa Kibukusu, lugha yangu na ya mama huyo, maana katika ukoo wa mama huyo kila mwombolezaji hupiga magoti mbele ya mjane na kusema lake kwa sauti. Nilimwandikia, kwa mwandiko safi kabisa, maneno yenye maana ya "Nimefuata kuku." Bweni zima lilicheka. Kisha usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi ambayo kila kilima kina lugha yake, na msafiri hapewi maji asipoyaomba kwa lugha ya kilima hicho. Mpakani aliketi Bwana Kebehi, mnene, mcheshi, akiwagawia wageni maneno kutoka guniani. "Kaka yangu!" akanipokea. "Wewe ni wa nyumbani. Shika hili, litakufaa popote." Nikalishika bila kulitazama, nikalisema kilima baada ya kilima, na kila mlango ukafungwa, hata kiu ikanikausha ulimi. Mwishowe nikafika kwenye nyumba ya kilio, na aliyeketi mkekani, kichwa kimenyolewa, alikuwa mama yangu mzazi. Nikapiga magoti. Nilitaka kusema pole, lakini kinywani mlikuwa na neno moja tu. "Nimefuata kuku," nikasema. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu asiyemjua.

Mwanamke mrefu aitwaye Staha akaniinua. "Mgeni hana ukoo hapa," akasema taratibu. "Ana maneno machache aliyopewa, na kwa hayo tu ndiyo tutamjua. Ukimpa mabovu, umemtuma uchi."

Nikazinduka, maana ya ndoto ikinijia pamoja na aibu, nikakimbia hadi langoni nimwahi mwalimu kabla hajaenda msibani. Mzee Lokwawi, bawabu wetu Mturkana, alikuwa akifunga komeo.

"Lori la msibani liko wapi, mzee?"

"Limeenda kitambo. Huyo mwalimu wenu ni mtu, kijana! Alisimama hapo akikariri pole yake mpaka machozi yakamtoka. Kibukusu mimi sikijui, lakini nilimshikia karatasi."