Sauti ya Mwalimu Ndani ya App

Tangu nitolewe uvimbe kooni, mimi Albano, mwalimu wa kwaya hapa Boko, naongea kwa kunong'ona tu. Kuimba ndiyo basi tena. Na kwaya yangu haisomi nota. Inafundishwa kwa kuimbiwa, sauti moja baada ya nyingine, na besi huanza kwa sababu ndio wazito kuliko wote. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ilikuwa imekaribia, wimbo wangu mpya uko kwenye karatasi, na watu walishaanza kumtaja mwalimu fulani wa Segerea. Mengi ningeyameza, lakini si wimbo wangu kufundishwa na mtu wa Segerea.

Binti yangu Demetria anatengeneza app za simu kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Akaniambia nimpe nota zangu, simu itaziimba. Alikuwa amepata kifurushi, yaani kipande cha programu ambacho mtu mwingine ameshakiandika nawe unakichukua bure, kinachogeuza nota kuwa sauti. Kwenye kompyuta kiliimba vizuri kabisa. Alipokiingiza kwenye app, simu ikagoma, ikaonyesha skrini nyekundu tupu.

"Hiki kimeandikiwa seva, Baba, zile kompyuta kubwa za mtandaoni," alisema. "Lugha ni ileile, lakini kimezoea kufungua chenyewe mafaili ya sauti kwenye diski ya kompyuta. Kwenye simu hakipati njia hiyo, ndiyo maana kinakwama."

Mwenzake wa kazini, Brightson, alipokuja kututembelea alicheka. "Sista, unajitesa bure. Kiache kwenye seva, simu iombe sauti kwa mtandao. Ishu imeisha."

"Imeisha wapi?" Demetria akamkatalia. " Ukumbini kwetu mtandao hamna, na kina mama Jesca wa kwaya bando lao la WhatsApp tu. Kiimbe ndani ya simu au kisiimbe kabisa."

Mwanangu ana kichwa kigumu, na najua amekitoa wapi. Alikipekua kile kifurushi mstari kwa mstari, akagundua kuwa hesabu zake zote za muziki hazina haja na seva. Tatizo lilikuwa sehemu ile ya kufungua mafaili tu. Akaing'oa, akaweka njia ya simu yenyewe, na sauti akazifungia humohumo ndani ya app. Wimbo wangu ukatoka, kwa kinanda.

"Kinanda?" nilinong'ona, nikanuna. Kwaya yangu haijawahi kujifunza kwa kinanda.  Demetria aliniomba simu yangu, akaingia nayo chumbani kwake.

Siku ya mazoezi aliweka simu yake mezani mbele ya besi, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu. Do, re, mi zangu mwenyewe, za kabla ya upasuaji, zimepangwa kuwa wimbo ambao sikuwahi kuuimba. Alizichota kwenye zile voisi nilizokuwa nawatumia besi kwenye grupu la WhatsApp kila walipoharibu, nikiwafokea kisha nikiwaimbia nota mojamoja kwa hasira. Kifurushi kilitaka mafaili ya kinanda, yeye akakipa ya baba yake. Uzito wa besi ndio uliotunza sauti yangu! Kwa sauti ya kwanza, ile ya kina mama, aliipandisha sauti yangu juu mpaka nikasikika kama mtoto, kina mama wakaangua kicheko, lakini waliimba.

Machozi yalinitoka na wala sikujificha. Nilijivunia yule binti.

Kisha besi wakachelewa kuingia, kama kawaida yao, na kiongozi wao Kasiani mbele kabisa. Niliinua mkono kuwafokea. Kooni kukatoka pumzi tu. Demetria akabonyeza kitufe nisichokijua.

"Besi! Mmelala?" simu ikafoka kwa sauti yangu, ukumbi mzima ukasikia.

Kasiani alisimama wima. Hakuitazama simu, alinitazama mimi.

"Samahani, Mwalimu," akasema, na safari hii besi wakaingia sawasawa.