Hewa ya Mashineni

Siku wapiga mbizi wawili walipofia mtoni, chakula chao nilikuwa nimekipika mimi. Wali na samaki, kitoga wa kukaanga. Nilifunga sufuria kwa kitambaa changu cha maua ya njano, na mwanangu Adolf akaibeba kwenye baiskeli asubuhi.

Adolf ndiye aliyekuwa akiwapeleka kwa mtumbwi hadi pale lori la mfanyabiashara mmoja lilipozama, kwenye kina cha mto Kilombero. Walikuwa watatu, wametoka Dar es Salaam: Remigius, Jeremia, na Yoramu aliyekuwa fundi wa mitambo yao. Kazi yao ilikuwa kufunga minyororo kwenye lori ili livutwe nje. Walikula, wakapumzika, wakazama. Remigius na Jeremia walipandishwa wakiwa maiti. Mamba hakuwagusa, hawakuwa na jeraha, na mitungi yao ilikuwa bado na hewa nyingi. Yoramu alizama pamoja nao akatoka mzima.

Jioni ile Adolf alikuwa mahabusu. Polisi walisema ni sumu, kwa sababu sufuria ilifika mtoni haina kitambaa, kwa hiyo kuna mtu aliifungua njiani. Adolf aliwaambia kitambaa alikiacha mashineni Lipangalala, mitungi ilikojaziwa hewa. Hawakwenda kutazama.

"Chakula hichohicho nilikula mimi," nilimwambia askari wa zamu. "Ukoko wake bado uko nyumbani."

"Ulete huo ukoko."

Nikaupeleka. Wakautia kwenye mfuko wakaufunga.

Tangu hapo sikuweza kukaa. Nikiketi naona nimemwacha mwanangu, nikisimama sijui niende wapi. Asubuhi nilikwenda misa, nikatoka kabla ya baraka, nikapeleka uji kituoni, nikarudi nyumbani Mlabani, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mjini wengine walisema mto haukupewa chake kabla ya chuma kuingizwa majini. Wengine walitaja sufuria yangu. Wanajumuiya walikuja kusali nami, Mungu awabariki, lakini chai niliyowatengea ilipoa kwenye vikombe na hakuna aliyeigusa. Baba yake Adolf alikufa mtoto akiwa bado mgongoni. Nimemlea kwa jembe na rozari, na sasa watu wazima walikuwa wakiitazama chai yangu kama nyoka.

Kisha wakaja wapelelezi kwa treni, wawili. Inspekta Elineema, mtu wa maneno machache, na Daktari Omega, mwanamke mwembamba ambaye kazi yake ni kupasua maiti aseme zimekufa kwa kitu gani. Walikwenda moja kwa moja hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa tayari barazani pa chumba cha maiti, nikihesabu rozari bila kujua nimefika fumbo gani.

Daktari alitoka akikausha mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiwe uliyewapikia?"

"Ndimi. Na nilikula."

"Nimesikia." Akaketi kando yangu kwenye benchi, jambo ambalo hakuna aliyelifanya wiki ile. "Mama, umewahi kuona watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa?"

Nilikuwa nimewaona, mke na mume, mwaka wa mvua nyingi. Walilala wazuri, kama hawajafa.

"Midomo yao ilikuwaje?"

"Myekundu."

"Na hawa ni hivyohivyo. Damu ya kawaida nikiitia dawa fulani hugeuka kahawia. Ya hawa imekataa kugeuka, imebaki nyekundu. Chakula hakifanyi hivyo. Moshi ndio unaofanya."

"Lakini walikuwa chini ya maji, Daktari. Huko mkaa umetoka wapi?"

"Ndicho tunachotafuta," alisema, akamgeukia Inspekta. "Mitungi ilijaziwa wapi?"

Walipopanda gari nami nilisogea mlangoni.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike," Inspekta akasema.

"Nyumbani kuna nini, afande?"

Alinitazama, kisha akanifungulia mlango wa nyuma.

Ilikuwa msimu wa mavuno, na kule Lipangalala mashine ya kukoboa mpunga ya Stumai ilikuwa imezungukwa na watu na magunia. Pumba zilipeperuka mpaka barabarani, zikaingia machoni na shingoni. Stumai alikuwa mweupe kichwa hadi miguu.

"Karibuni," alisema. "Kama mmeleta mpunga, foleni inaanzia kule. Kama mmeniletea pingu, mimi sina foleni."

"Tunataka kuona kompresa," Inspekta akasema.

Kompresa ndiyo mashine inayosukuma hewa kwenye mitungi. Wapiga mbizi walikuwa wameiweka stoo ya Stumai, ubavuni mwa mashine ya mpunga, isiibwe. Yoramu alikuwepo, ameagizwa asiondoke mjini. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

Stoo ilikuwa na giza, madirisha yake ya mbao yamefungwa. Daktari alichutama, akashika mpira mmoja mnene uliotoka kwenye kompresa.

"Hewa inavutwa kwa huu?"

"Ndiyo," Yoramu alijibu. "Unatakiwa ukae nje, juu, upepo unakotokea. Niliuweka nje. Mungu ni shahidi."

Lakini mpira haukuwa nje. Ulikuwa umeingizwa ndani, ukakunjwa mpaka pembeni kabisa, mbali na mlango pumba zilikopita. Mdomo wake ulilala nyuma ya injini ya petroli ya kompresa yenyewe, karibu na bomba linalotoa moshi. Na mdomo huo ulikuwa umefungwa kitambaa, kwa fundo la uangalifu, ili kuchuja vumbi.

Maua ya njano.



"Nani aliuingiza?" Inspekta aliuliza.

"Sijui. Niliwasha, nikaenda kunywa chai. Nilimwacha Adolf." Yoramu alilamba midomo. "Nilimwambia angalia vumbi lisiingie. Hilo tu."

"Umemwambia mtu wa Ifakara aangalie vumbi wakati wa mavuno," Stumai alidakia, "ulidhani ataliimbia? Si atafunga madirisha? Mimi hata maharage yangu jikoni nayafunika."

"Uliporudi ukaona nini?" Inspekta hakumtoa macho Yoramu.

"Mitungi imejaa. Niliichukua. Sikuzunguka nyuma."

"Na wewe uliponaje?"

"Wangu ulijazwa Dar. Haukuwa umetumika."

"Hakuna aliyelalamika?"

Yoramu aliutazama mpira. "Remigius. Alivuta kidogo kabla ya kuzama, akasema hewa inanuka. Nikamwambia inayonuka ni midomo yake, apige mswaki." Hakuna aliyecheka, wala yeye.

Daktari alimwomba Stumai amuuzie kuku.

"Kumbe siku hizi polisi wanahoji na kuku," Stumai alisema, lakini alimkamata mtetea mmoja akamleta.

Walimtia kwenye tenga, wakaliweka penye mdomo wa mpira. Wakafunga kama palivyokuwa pamefungwa, wakaiwasha injini, sote tukatoka. Tulichungulia kwenye ufa wa mbao. Mwanzoni kuku alijikung'uta. Halafu akakaa. Halafu kichwa kikaanza kushuka polepole, kama bibi anayesinzia kanisani, na hakikuinuka tena. Walipofungua wakaacha hewa ipite, Daktari alimtoa akatuonyesha kishungi chake. Kilikuwa chekundu kuliko cha kuku mzima.

"Juu ya nchi kavu mtu anaumwa kichwa," alisema. "Kule chini maji yanakandamiza, sumu ileile inakuwa kali mara kadhaa. Walilala tu."

Inspekta alikifungua kitambaa, akakiinua mbele ya watu waliokuwa wamejazana mlangoni.

"Hiki ni cha nani?"

Niliona njia mbili hapo. Nikinyamaza, hakuna aliyekijua isipokuwa mwanangu. Sumu ya chakula imekwisha kufutika, na aliyeuvuta mpira angeweza kuwa mtu yeyote wa foleni ile. Nikisema, namtoa mwanangu kwenye tuhuma ya uongo nikimtia mkononi kosa lingine. Niliomba kwa Mama Maria, sikumaliza hata nusu ya sala.

"Changu," nikasema. "Nilifungia sufuria. Adolf aliwaambia kuwa alikiacha hapa."

Inspekta alikikunja. "Basi hakusema uongo."

"Hajawahi."

Yoramu ndiye aliyechukuliwa. Inspekta alinieleza njiani kuwa jukumu la hewa lilikuwa la Yoramu, na mtu kama Adolf hawezi kushtakiwa kwa kutofahamu kitu ambacho hakufundishwa. Adolf angetoka jioni ileile. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ndani ya gari la serikali.

Mlangoni pa kituo alinizuia kidogo.

"Mama Adolf, yeye hajui. Anajua anaachiwa tu. Ataitwa kama shahidi, atayasikia mbele ya watu. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

Adolf alitoka amekonda, ananuka mahabusu, anacheka. Alinishika mkono kama alipokuwa mdogo. Njia nzima alisema yeye: mtumbwi sijui umefungwa na nani, Remigius alimwahidi kumfundisha kupiga mbizi, Jeremia alikula vitoga viwili akaomba cha tatu.

"Niliwapenda wale watu, mama. Hata vumbi sikuacha liwaguse."

Tulikuwa hatujafika Mlabani. Baiskeli zenye magunia zilitupita pande zote mbili.

"Adolf," nikasema, "simama kidogo, baba."

Nikamwambia. Nilianza na midomo myekundu, nikamaliza na mpira. Alinitaka nirudie pale pa mpira, nikarudia, taratibu zaidi.

"Nyuma ya injini," akasema.

"Nyuma ya injini."

Akachutama ukingoni mwa barabara, mikono kichwani. Waliopita walitusalimu, maana habari ya kuachiwa kwake ilikwisha kuenea, na wengine walimpongeza. Nilisimama kando yake nikiitikia kila salamu, mkono wangu begani kwake.