Mume wa Mama Mkwe

Kajuju alikaa kwenye benchi la kliniki moja huko Kanyakine, akasimama, akakaa tena. Alikuwa na mimba ya mtoto wa kiume, na muuguzi alimsubiri na chanjo ya korona.

"Usikubali wamdunge mume wangu!" mama mkwe wake alifoka, akilielekezea tumbo la Kajuju kidole. Kwa desturi yao mtoto huyo angeitwa Kiunga, jina la babu yake aliyeuawa na korona, na ndiyo maana bibi yake alimwita mume.

"Mama, huyo mume wako tulimzika bila chanjo," Kajuju alijibu, akapandisha mkono wa blauzi.

Alipokwisha kudungwa alishika tumbo, akingoja mtoto acheze. Hakucheza. Mama mkwe akasogea, akaweka kiganja chake hapo, wakangoja wote wawili.