Tajiri Aliuliza Mara Tatu

Mwaka 1993 jeshi la Uganda lilitupunguza. Tukarudi Mbale watu kumi na wawili, tukapanga vyumba mtaa wa Namatala, tukaanza kubebea watu magunia. Miezi minane ikapita hivyo, watoto wanalala njaa. Tuliposikia kwamba tajiri wa Kihindi, Bwana Kantilal, amerudi Jinja kutoka uhamishoni kufungua kiwanda chake na anatafuta walinzi, wenzangu walinituma mimi, Sajini Semei, niwaombee kazi wote. Hatukuwa na mlango mwingine.

Ofisini kwake, mtaa wa Nalufenya huko Jinja, nilisimama wima mpaka aliponiambia nikae, nikamweleza kwamba tuko watu kumi na wawili.

"Mi nachukua wewe na mtu mbili tu," akasema. "Hiyo ingine natoa hapa Jinja. Iko na neno?"

"Hapana, afande."

Akanitazama. "Hakuna neno kabisa?"

Moyo ulikuwa unapiga kelele: watu tisa! Lakini miaka kumi na minne nimefundishwa kwamba mkubwa akiuliza kama kuna neno, ameshamaliza. Atakayefungua mdomo hapo atalala mahabusu.

"Hapana, afande."

Akauliza tena, kwa upole, karibu kunisihi. Nikajibu vilevile, punguani mimi, tena kwa sauti kubwa. Akashusha pumzi, akaandika watu watatu. Nikatia sahihi.

Nikiwa nje nangoja nakala yangu, akaingia Fadhul, mfanyabiashara wa mtaa wa Kimaka hapo Jinja, kuombea vijana wake. Nikamsikia akicheka, akipiga meza, akilalamika kwamba watu wawili ni matusi. Tajiri naye akafoka. Kisha wakaagiza chai. Fadhul alitoka na nafasi tisa.

Nikaingia mbio bila hodi. "Afande, naomba! Iko watu tisa kule Mbale, iko na watoto!"

Kantilal aliweka kikombe chini. Alihuzunika kweli.

"Sasa ndiyo we nasema? Mi nataja kidogo, we nakataa, mi naongeza. Biashara iko hivyo. Mi nauliza wewe mara tatu! Sasa nafasi imekwisha."

Namatala niliwakuta wote wananingoja. Nikawaeleza kila kitu, maana sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nilitaka wanitukane. Lakini wote walikuwa askari, na kila mmoja alijua angejibu kama mimi.

Bakhit, aliyekuwa koplo wangu, akasimama wima. "Afande, hiyo mbili ni nani?"

Nikataja majina mawili. La Bakhit halikuwemo. Wale tisa hawakubisha hata mmoja, nami nikalia mbele yao.