Asubuhi Fundi Alipouona Mlima

Mtaani walimwita Kidevu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba kimoja chenye kitambaa cheupe ukutani, kigoda cha kuzunguka, na kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaota miguu. Kila aliyeketi pale alisikia maneno yaleyale: "Inua kidevu. Kidogo tena. Usicheke." Nusu ya mji ilikuwa imepita mbele ya lenzi yake, na hakuna hata mmoja aliyetoka akitabasamu.

Kwa hiyo mwenye kiwanda cha uchapaji alipomwambia anataka picha ya ziwa la mlimani, maji yametulia na mlima unaonekana ndani yake, aiweke kwenye kalenda ya mwaka mpya, Kidevu alikubali haraka, kisha akaanza kuingiwa na baridi. Mlima hauambiwi uinue kidevu.

Akaenda kuwaeleza rafiki zake wawili, watu aliokaa nao dawati moja tangu wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu. Mmoja alikuwa mwoka mikate, waliyemwita Hamira kwa sababu aliumuka kwa jambo dogo na kunywea papo hapo. Hamira alikuwa na pikapu, akajitolea kuwaendesha kabla hajaombwa. Wa pili alikuwa Fundi, mwanamke mshona nguo, na mazungumzo yenyewe yalifanyikia kwake, kwenye cherehani.

"Na mimi nakuja," Fundi alisema, pini zikiwa mdomoni.

Kidevu na Hamira wakatazamana.

"Msitazamane. Nimesema nakuja."

Hakuwa amewaona, ila aliwajua. Fundi alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Ulimwanza akiwa na miaka thelathini, maumivu ya asubuhi tu, kisha pingili zikashikana moja baada ya nyingine, mgongo ukapinda mbele, shingo ikagoma, kidevu kikashuka kikaja kukaa kifuani. Daktari alimwambia wazi kwamba mfupa ukishashikana hivyo haurudi. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Kwenye meza ya kukatia aliweka kioo cha mkono, na humo ndimo alimowatazama wateja usoni. Barabarani aliwatambua watu kwa viatu. "Mwalimu, hongera, umetia soli mpya," aliwahi kusema, na mwalimu akabaki ameduwaa.

Waliondoka Jumamosi mchana, wakalala kwenye nyumba ya wageni chini ya mlima, na kulipoanza kupambazuka wakashika njia ya miguu. Mlinzi wa msitu alikuwa amewaonya kwamba ziwa hutulia alfajiri tu. Jua likishapanda, upepo huamka, na maji huwa kama shuka lililolaliwa. Kidevu alibeba kamera na stendi yake, na moyoni alibeba jambo aliloona haya kulisema. Aliogopa Fundi atawachelewesha. Na zaidi ya hapo: unampelekaje mtu kutazama mlima, naye hawezi kuinua kichwa?

Fundi ndiye aliyetangulia.

"Jiwe linacheza hapo," alisema bila kugeuka. "Utelezi huu, piteni kushoto. Hamira, mzizi."

"Nimeuona," Hamira alisema, na hapo hapo akajikwaa.

"Umeuona kwa kidole gumba," Fundi akamjibu, na walicheka hadi wakalazimika kusimama wapumue.

Walipofika, hapakuwa na mlima. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kila kitu, na ziwa lenyewe lilionekana hatua kumi tu kisha likaishia kwenye weupe. Tena upepo ulikuwepo, mdogo lakini mkorofi, ukiyakunja maji. Kidevu alisimamisha stendi, akapima mwanga, akapangusa lenzi, akaipangusa tena. Hamira aliumuka: alimlaumu mlinzi, akailaumu hewa, akamlaumu mchapaji. Kisha akanywea, akatoa mkate kwenye mfuko, akaukata vipande vitatu. Fundi alijiketisha juu ya jiwe pana lililoingia majini, mikono magotini, akala mkate wake taratibu.

Upepo ukakata. Haukupungua kidogo kidogo. Ulikata, kama mtu aliyefunga mlango.

Ukungu ukaanza kupanda. Kwanza ikatokea miguu ya mlima ng'ambo, miamba myeusi iliyolowa. Kisha kiuno. Mlima ulisimama palepale ukingoni, wima kama ukuta, na kila ukungu ulipopanda, mlima ulizidi kuwa mrefu. Mwishowe kikatokea kilele na theluji yake, na jua, lililokuwa bado halijawafikia wao, lilikuwa limeshakifikia. Theluji ilikuwa na rangi ya kaa la moto. Hamira alivua kofia.

Kidevu hakukumbuka kamera. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, na machozi yalimtoka bila sababu anayoweza kuitaja.

Ndipo aliposikia nyuma yake, "Ile nyekundu ni nini?"

Akageuka. Fundi alikuwa bado juu ya jiwe, kichwa kimeinama vilevile kama siku zote. Alikuwa akitazama majini.

"Ipi?" Kidevu aliuliza.

"Ile ya juu kabisa. Kwenye ncha."

Kidevu alisogea, akachuchumaa kando yake, akatazama anapotazama. Mlima mzima ulikuwa pale miguuni pa Fundi. Miamba, nyufa, theluji inayowaka, kila kitu kilikuwa wazi kuliko kule juu, na chini ya kilele kulikuwa na anga, anga lote, kina kisicho na mwisho, hadi Kidevu akashika jiwe kwa hofu ya kutumbukia humo.

"Ni theluji," alisema kwa sauti ndogo. "Jua limeipiga."

"Theluji." Fundi alilitamka neno hilo kama anayelionja. "Na mwezi bado upo. Mnauona?"

Hawakuwa wameuona. Hamira aliinua macho, akatafuta, akaukuta: kipande cheupe, juu sana, karibu kufifia.

"Upo," alisema.

Ndege mkubwa akatoka kwenye miamba, mabawa yametandazwa, akazunguka. Fundi alimfuata majini kwa macho tu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha tena. Kioo chake cha mezani kilimpa anga la ukubwa wa kiganja. Hapa anga lilikuwa kubwa kuliko macho yake.

"Mlima huu bega la kushoto limeshuka," alisema baada ya muda. "Ungekuja kwangu ningeuwekea pamba. Lakini angalieni ule mshono wa barafu unavyoteremka katikati. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kunyoosha mshono namna ile. Jamani. Jamani, yote haya yalikuwa juu yangu?"

Hamira alikuwa amempa mgongo, akijipangusa uso kwa kofia.

"Kidevu," Hamira alinong'ona hatimaye, "kamera."

Kidevu alishtuka. Aliishusha stendi hadi ikawa chini kama kigoda, karibu na jiwe la Fundi. Alibonyeza mara moja, mara mbili, mara nane. Alipiga mlima wote pamoja na sura yake majini, kama alivyoagizwa. Kisha akaielekeza lenzi kwenye maji peke yake, akabonyeza mara ya tisa.

Upepo ukarudi. Mlima ndani ya maji ukakatika vipande, ukasambaa, ukawa rangi tupu.

"Pole," Kidevu alisema.

"Pole ya nini?" Fundi alisema, bado akitazama mawimbi. "Nimeshaona."

Hawakuondoka haraka. Waliketi watatu juu ya jiwe lile hadi jua likawafikia migongoni, na Kidevu alimwomba Fundi msamaha kwa yale aliyoyawaza njiani. Fundi alimwambia alishayasikia tangu walipotazamana kwenye cherehani, tena kwa sauti kubwa.

Mchapaji alizitandaza picha zote mezani na kuchagua ya nane, akaiita kazi safi. Ya tisa Kidevu aliikuza kwa ukubwa wa mlango wa kabati, akaitia fremu, akaipeleka kwa Fundi pamoja na nyundo. Hamira aliishikilia ukutani.

"Hapo?" aliuliza.

"Shusha," Fundi alisema.

"Hapa?"

"Shusha, Hamira."

Msumari ukagongwa usawa wa goti. Mteja wa kwanza kuingia siku ile alikuwa mwalimu, amekuja kuchukua suruali. Alisimama, akapinda kichwa, kisha akainama, mkono kiunoni, na akabaki vilevile akiutazama mlima ulio majini, huku Fundi akimtazama kwenye kioo chake na kusubiri.