Bugenvilia Langoni kwa Shemasi

Nina hasira za karibu, wala sijisifii. Hasira hizo ndizo zilizonifanya, mwezi wa pili, niiweke harusi ya binti yangu juu ya mti wa miiba, mbele ya wajomba wa pande zote mbili.

Tulikuwa sebuleni kwangu hapa Butembo. Mazungumzo ya mahari ya Eliane yalikuwa yamekwisha, mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba, watu wanakula na kucheka. Lilibaki jambo moja tu: ndoa ifungwe wapi? Mama Adèle, mzazi wa kijana, alitaka iwe kwao Beni, kule Mulekera. Mimi nilitaka hapa, katika kanisa ambalo mimi ni shemasi wake, kwa sababu mama yangu Tamar, aliyemlea Eliane tangu akiwa mchanga, miguu imemwisha na barabara ile haiwezi tena. Harusi ikienda Beni, bibi hataiona.

Mama Adèle akatania kwamba kwake bibi harusi angepita chini ya bugenvilia inayochanua mwaka mzima, ilhali sisi watu wa baridi tunajua kuotesha kabichi tu. Kabichi! Mimi, Zorobabel, ambaye nusu ya mtaa huu wamepanda miche yangu! Damu ilinipanda. Nilikuwa na bugenvilia yangu pale langoni, ina miaka mitatu na haijatoa hata ua moja, lakini mdomo ulinitangulia. Nikamwambia aje mwenyewe wiki moja kabla ya harusi. Akikuta maua, ndoa ni Butembo. Asipoyakuta, ndoa ni Beni na sitatia neno.

Wajomba wakapiga makofi. Mke wangu Débora hakupiga. Kwa siku mbili hakuniambia kitu zaidi ya kwamba chakula kiko mezani.

Basi nikaanza kazi, na niliianza kwa furaha kubwa. Sisi watu wa milima hii hatujui kuuacha mmea na njaa, tumezaliwa tukibeba samadi. Na samadi nilikuwa nayo: mbuzi wa mahari hawakuwa na kazi nyingine. Kila asubuhi karai moja shinani, kila jioni ndoo ya maji, hata siku ambazo mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Mti ukaniitikia kwa nguvu zote. Majani yakawa mapana kama kiganja changu, matawi yakapanda ukuta yakaangukia upande wa pili, na waumini wakipita kwenda ibadani walisimama kusifu. Nilivimba kichwa. Mwezi wa nne ukaja, majani. Mwezi wa tano, majani tena.

Huo upande wa pili ni kwa Asumani, msafirishaji mwenye malori mawili ya njia ya Beni. Tulikuwa na miaka minne bila kusalimiana. Alimwaga saruji uwanja wake wote, maji ya mvua yakakosa pa kuingia, yakashuka kwangu na kufagia vitalu vyangu vya miche. Nilimwambia maneno ambayo shemasi hapaswi hata kuyajua, kisha nikauinua ukuta. Sasa matawi yangu yakawa yanaingia kwake, na dereva wake akawa anayakata kwa panga, wiki baada ya wiki, na kunirushia. Kila tawi lililotua uani kwangu nililihesabu kuwa tusi.

Mwisho wa mwezi wa tano nilimeza kiburi nikapanda gari kwenda Beni. Mama Adèle alinipokea kwa ukarimu, akanipeleka langoni kwake, na nikiri nilichokiona: moto mtupu. Rangi nyekundu ya kukolea kutoka chini hadi juu, mti wote umesimama kwenye mawe, udongo umekauka hadi umepasuka, hakuna aliyewahi kuumwagilia. Alinionyesha kwamba hata ile rangi si ya ua. Ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kitu kidogo cheupe katikati. Nikamweleza jinsi ninavyoutunza wangu. Akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko kicheko.

“Papa Zorobabel, unalisha ile muti kama mutoto wa kunyonya,” alisema. “Ikishiba, itatoa maua ya nini? Wacha isikie njaa. Wacha jua iichome. Mais, lakini kwenu kule, jua utaitoa wapi?”

Nilirudi nikaiondoa samadi yote kwa mikono yangu. Nikafunika shina kwa bati kuukuu mvua isilifikie, na ndoo nikaificha ili nisishawishike. Iliniuma. Kuunyima mmea chakula kwa makusudi, mbele ya majirani ambao wote ni wakulima! Walinong'ona kwamba shemasi amechanganyikiwa. Mwezi wa sita mvua zilipungua, wa saba nao ukawa mkavu, lakini ukungu ulishuka kila asubuhi na kukaa langoni kwangu hadi saa nne, na mparachichi wangu ukalimeza jua lililobaki. Majani yakaanza kugeuka njano. Ua, hakuna hata moja.

Zikabaki siku tisa Mama Adèle aje. Mama yangu aliniuliza avae kitenge kipi siku ya harusi, kile cha samawati au kile cha Krismasi. Nilijifanya sikusikia, nikaenda kusimama nyuma kwa wale mbuzi. Nilikuwa nimekiuza kiti cha mama yangu harusini kwa sababu ya neno kabichi.

Siku hiyohiyo lango liligongwa. Nilifungua nikamkuta Asumani mwenyewe, mikono imejaa grisi. Nikajua amekuja kwa ugomvi wa matawi, na nikajipanga.

“Shemasi, kuja uone kitu,” alisema.

Nilimfuata nikiwa nimekunja uso. Nilipovuka lango lake, uso ulikunjuka wenyewe. Ukuta wake wote, kutoka gereji hadi lango, ulikuwa umefunikwa na rangi. Nyekundu ileile ya Beni, imemwagika juu ya saruji, imening'inia juu ya lango lake kwa upande wa ndani, nisikoweza kuona, hadi malori yalikuwa yanapita chini yake. Nilicheka kwa sauti kama mtu asiye na akili nzuri. Nilizunguka, nikagusa, nikachomwa na miiba, nikagusa tena.

Ndipo nikaelewa. Saruji ile niliyoilaani ilikunywa jua kutwa nzima na kulirudisha ukutani. Hapakuwa na mparachichi wa kuweka kivuli. Na lile panga la dereva lilikuwa likiupa mti machipukizi mapya kila wiki, na maua hukaa kwenye machipukizi mapya. Beni ilikuwa nyuma ya ukuta wangu, hatua tatu, nami nilikuwa nimepanda gari kuitafuta.

Lakini lango lenye maua lilikuwa lake, na kulitumia lazima niombe. Mwishowe nilimwambia kwamba nilimkosea, kwamba maji ni maji na matusi ni matusi, na kwamba binti yangu anahitaji kupita hapa.

Asumani alifuta mikono polepole. “Hii neno, minaingojea tangu miaka ine,” alisema. “Mulango iko wazi, Shemasi. Atapita kama mutoto ya kwangu.”

Mama Adèle alipofika, alisimama mbele ya lango langu la kijani akaanza kutabasamu. Nikamwomba aje hatua chache zaidi. Asumani akafungua milango yote miwili. Mama yule akatembea chini ya maua, akashika tawi moja, akachungulia kile kiua cheupe cha ndani.

“Mais hapa haiko kwako,” aliniambia.

“Mizizi iko kwake, mama,” Asumani akajibu kabla sijafungua mdomo. “Na mimi niko jirani yake.”

Mama Adèle alicheka hadi akaketi kwenye tairi. Kisha akasema ndoa ni Butembo, bibi achague kitenge chake.

Mama Tamar alichagua vyote viwili, kimoja juu ya kingine. Asubuhi ya harusi tulimbeba na kiti chake hadi kwenye saruji ya Asumani, na Eliane akatoka nyumbani kwangu kwa vazi jeupe, akazunguka ukuta, akapita chini ya maua hadi kwenye gari la wakwe zake. Watu walipiga vigelegele. Mimi pia niliinua mikono nishangilie, kisha nikaishusha. Miezi sita nilikuwa nimehangaika mwanangu apate maua ya kupita chini yake, na sikukumbuka hata siku moja kwamba akishapita atakuwa ameondoka. Asumani alinipa leso yake iliyonuka mazuti ya malori, nikalia nayo mbele ya watu wote.